Rungu Ndani ya Majani Chai

Mnaweza kunicheka tu, kwa sababu watu wote wanaouza majani chai huku kwetu karibu na Litein walishanicheka na sikufa.

Mimi ni mwalimu wa historia. Siku hiyo niliwatungia Gredi ya Saba msako wa chemshabongo kuhusu silaha za kale, upinde, mkuki, ngao, kadi zimefichwa kila pembe ya shule, ukijibu moja unajua pa kutafuta nyingine, na mwisho wa msako wakute silaha yenyewe (picha za kitabuni zimetuchosha sote). Nikamwomba mama mkwe rungu la mzee wake. Mzee mwenyewe hakuwepo, nikajiambia litarudi kabla hajajua, tena hilo ni rungu la babu yake, hata wanawe hawaligusi! Nikalificha kwenye kikapu kitupu nyuma ya jikoni, nikalifunika na majani kidogo (ujanja wangu huo), nikasahau kabisa kwamba ni siku ya kuchuma chai ya shule.

Kurudi pale, kikapu hakuna, wachumaji wamekijaza majani na kukipeleka kuuza. Nilikimbia hadi kituo cha kupimia majani na viatu mkononi, nikafika karani anamwaga majani yetu mezani, na rungu likaanguka *to!* mbele ya foleni nzima ya wakulima.

“Mwalimu, kumbe shule inaongeza kilo na rungu?” mmoja wao akapaza sauti.

Huku kwetu kutia kitu kizito ndani ya majani ni wizi, na mwizi wa kilo hasahauliki. Karani akasema majani ya shule yanarudi, hayapimi. Mara darasa langu lote likaingia mbio likikifuata kikapu, Chelangat mbele, kadi juu, akasoma kwa sauti bila kumwogopa mtu: “Silaha ya mti mgumu, kichwa kikubwa. Itafute ndani ya kikapu cha shule.” Akaliona mezani. “Ni rungu! Tumeshinda!”

Watu wakacheka, lakini karani hakucheka. “Na rungu ni ya nani?”

Nani mwingine akatoka kwenye foleni na gunia lake begani kama si baba mkwe. Nikainamisha kichwa, nilitamani ardhi inimeze.

“Ni yangu,” akasema. “Mimi ndio nilimpatia afunze watoto.”

Mzee asiyejua kudanganya hata kwa mzaha! Kisha akalichukua, akawaonyesha watoto linavyoshikwa na linavyozuia pigo, foleni yote ikimtazama, na karani akapima majani yetu. Nilijivunia kuolewa nyumba hiyo kuliko siku ya harusi yangu.

Tulitembea pamoja hadi lango la shule.

“Mwalimu,” akasema, “siku ingine ukitaka nidanganye watu, uniambie mapema nijipange.”

Tangu hapo hata kijiko cha nyumba ile sichukui bila kumwomba yeye mwenyewe.