Sufuria za Kumlisha Mama

Mama alikitema kijiko cha kwanza mkononi mwake, akanitazama kama mtu aliyewekewa sumu na mwanawe.

"Iko na chuma," akasema. "Sufuria yako inatia chuma mu chakula."

Tulikuwa tumetoka hospitalini. Daktari aliniita pembeni, akaniambia kwamba uvimbe ulio tumboni mwa mama unaweza kutolewa, ila si kwa mwili ule uliobaki mifupa. Ale kwanza, apate nguvu, ndipo wampasue. Basi kazi yangu yote hapa duniani ikawa hiyo moja: mama ale. Nilirudi naye nyumbani kwetu Mudzipela kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, na kiuno chenyewe kilienea kwenye mkono wangu mmoja.

Samaki ya ziwani, ya Kasenyi, ilikuwa mbichi, nimeichagua mwenyewe, nikaipika na nyanya na ndimu vile anavyopenda. Nikaonja. Chuma gani? Lakini nilipochungulia ndani ya sufuria, hii ya aluminiamu nyepesi tuliyo nayo siye wote, nikaona pale mchuzi ulipokaa pameng'aa, na kwingine kote ni kweusi. Kumbe! Nyanya na ndimu zimekula sufuria, na sufuria imeingia mu samaki. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Ugonjwa sikuuweza, lakini sufuria ningeweza kubadilisha. Niliitupa nje, ikabingirika mpaka kwa jirani.

Kwanza nilileta ile nzito, ya wale vijana wanaoyeyusha vipande vya injini za magari na kuvimimina kwenye mchanga. Haipindi, inashika moto vizuri, maharagwe hayaungui. Mama akalamba mchuzi.

"Aka! Hii njo mubaya kabisa. Nakula motokari."

Nikacheka, naye akacheka, lakini sahani ilirudi jikoni imejaa.

Nikaenda kutafuta inox, ile ya kung'aa isiyoshika kutu. Muuzaji wa sokoni, mama mmoja mnene mwenye ulimi, aliniona nikigonga vitako vya sufuria, moja baada ya nyingine, nikisikiliza.

"Mama, weye unatafuta sufuria ao bwana?"

"Bwana niko naye. Natafuta kitu yenye haina ladha."

"Basi huyo njo bwana yako!"

Wanawake wa safu nzima wakaangua kicheko. Siku nyingine ningecheka nao. Siku ile nilimwambia afunge kinywa, aniuzie sufuria, niende. Akanipa, na nilipokuwa naondoka akaniambia pole, kwa sauti ya chini.

Inox haiachi ladha, hiyo ni kweli, nyanya haziiwezi. Lakini kitako chake kilikuwa chembamba, na mbabula, jiko letu la makaa tunayoita makala, halina pa kupunguzia moto. Mboga ikaungua katikati, pembeni ikabaki mbichi. Nikafunika makala kwa majivu, nikapika upya, nikakoroga bila kuacha. Mama akaonja, akasema chuma imepungua kidogo. Kidogo! Nilishinda na neno hilo siku nzima, hata barabarani nikawa natabasamu peke yangu. Jioni nikakuta chakula chote amekificha chini ya kifuniko.

Nikaazima kwa wifi yangu ile nyeusi ambayo chakula hakigandi ndani yake. Yeye anapikia gesi. Makala yangu yaliichoma, ngozi yake ikaanza kubanduka vipande vipande kwenye wali. Huo niliumwaga mwenyewe kabla mama hajauona, na wifi yangu mpaka leo ananikumbusha.

Na mama alikuwa anapungua. Nilikuwa namwogesha, naona. Niliomba, nikafoka, siku moja nikampigia kelele kabisa: "Mama, unataka kufa mu mikono yangu?" Alinyoosha mkono akanirekebishia kitambaa cha kichwa kilichokuwa kimeteleza.

Ndipo nikakumbuka nyungu. Kule Kivu ya Kaskazini, kabla hatujakimbilia hapa Bunia, mama alipikia nyungu ya udongo, na kwenye udongo hakuna chuma. Nilizunguka soko lote mpaka nikaipata, nikaibeba kifuani kama mtoto. Mama alipoiona alijiinua mwenyewe akakaa. Ilikuwa zamani hajakaa bila mimi kumshika.

"Usiiweke ku moto vile iko mukavu, itapasuka! Lowesha kwanza. Pika uji ya muhogo, nzito, nyungu iinywe. Makala kidogo. Kidogo, nimesema! Eh, nani alikufundisha kupika, weye?"

"Ni weye."

"Basi sikumaliza."

Uji ulichemka polepole, udongo ukaunywa, nyungu ikaacha kuvuja. Tukaumwaga. Mama alikuwa na jasho usoni, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani ya kutuamrisha watoto. Nikapika samaki, nyanya, ndimu, mawese kidogo. Nilijua leo anakula. Nilianza hata kupanga maneno nitakayomwambia daktari.

Akatafuna. Akameza. Akasema, "Tamu."

Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Kisha akaomba maji, nikamtilia kutoka kwenye bidoni, dumu letu la maji, kwa kikombe cha plastiki. Akanywa funda moja, na uso wake ukakunjamana vilevile kama kwa kile kijiko cha kwanza. Akageuza kichwa haraka nisione.

Niliona.

"Mama. Hata maji?"

Alijifuta midomo kwa ncha ya kitenge.

"Hata maji," akasema. "Hata mate yangu. Haikukuwa sufuria, mutoto yangu. Tangu ile ya kwanza nilijua iko mu kinywa yangu."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Ulikuwa na kitu ya kufanya. Ningesema, ungekaa hapa unaniangalia." Akanirudishia kikombe. "Na usiende kununua kikombe ingine."

Alicheka. Mimi nilishindwa. Nilikaa chini na kikombe mkononi, nikatafuta kichwani kitu kingine cha kubadilisha, nikakikosa. Niliogopa sana, nikashindwa hata kumtazama. Yeye akaisukuma sahani polepole juu ya mkeka mpaka ikagusa goti langu.

"Kula weye," akasema. "Kula, nikuone."

Nikala. Nyungu ilikuwa imefanya kazi yake. Samaki ile ilikuwa tamu kuliko zote nilizowahi kupika, na mama aliniangalia mpaka nikaimaliza.