Jiwe Chini ya Kibaraza cha Leonardi

Baba yake Regina alifariki Mwandiga, na matanga hayajaanuliwa, Leonardi, mdogo wa marehemu, akasogeza mpaka wa shamba. Angela, mama yake Regina, alipolalamika alijibiwa mbele ya waombolezaji: "Mjane ana shamba gani? Wewe ulikuja hapa na kanga zako tu."

Angela akahamia Kibirizi, akawa anaanika dagaa wa watu mchangani. Regina alikulia huko, na kila alipopita Mwandiga aliiona michikichi ya baba yake ikivunwa na Leonardi. Alisoma kwa hasira. Akawa mwalimu wa hisabati Ujiji, na hata baada ya kupata kazi hakumsamehe. Alisubiri.

Leonardi alipomaliza nyumba mpya ya matofali, aliita watu waje kuibariki. Regina akaenda na kreti ya soda, akapiga goti.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Wewe una moyo, si kama mama yako."

Regina akatabasamu. Watu walipokuwa wakila akauliza, kwa sauti ya mtoto anayetaka hadithi, "Baba mdogo, hivi babu hakusoma, aliwezaje kuwagawia wewe na baba shamba sawasawa?"

Leonardi akanyoosha miguu. Pembeni yake alikaa Yona, mwenyekiti wa kijiji. "Mzee alikuwa na akili! Alianzia kisimani. Akasimika jiwe moja kule njia ya kanisani, kisha akageuka, akasimika mwenzake upande wa pili, umbali uleule. Mpaka ukanyooka, kisima katikati."

"Uleule kabisa?"

"Kabisa! Waulize wazee hawa."

Wazee wakaitikia. Regina akashukuru, akamwongezea nyama kwenye sahani.

Wiki iliyofuata alimshitaki kwenye baraza la ardhi la kijiji. Siku ya shauri, wajumbe walikutana shambani kwenyewe, na Regina akachora mistari miwili iliyokatana juu ya karatasi kubwa. Penye makutano akaandika kisima, sifuri kwa sifuri.

"Jiwe la kanisani halina ubishi," alisema. "Tumepima wote: mita arobaini mashariki ya kisima, thelathini kaskazini. Basi mwenzake yuko arobaini magharibi, thelathini kusini. Namba hazibadiliki, zinageuka upande tu, maana kisima ndicho kitovu. Jiwe analotuonyesha baba mdogo haliko hapo. Limeingia kwetu."

"Mzee hakuwa na namba hizo!" Leonardi akafoka.

"Lakini umbali uleule ulituambia wewe," Yona akasema, "tena tukila nyama yako."

Wakavuta futi kamba kutoka kisimani kwenda magharibi, kisha wakakunja kusini. Ikaishia kwenye kibaraza cha nyumba mpya.

"Nani achimbe?" Yona akauliza.

"Achimbe aliyelizika," Regina akasema.

Wajumbe wakakubali. Leonardi akashika sururu mwenyewe, akavunja saruji yake, akachimba huku jasho likimtiririka. Sururu ikagonga. Lilikuwa jiwe kubwa la kijivu, lina msalaba uliochongwa na babu. Lilikuwa zito mno kubebwa. Ndiyo maana Leonardi alilifukia palepale na kusimika jingine mbele, ndani ya shamba la marehemu.

Wazee wakambembeleza Regina: amwachie nyumba, afidiwe kipande kingine.

"Mama yangu mlimpa kipande gani kingine?"

Kibaraza na sebule, vilivyovuka mpaka, vikaamriwa kubomolewa. Siku ya kubomoa Regina alimleta mama yake na kiti, akamkalisha mahali pa kuona vizuri. Ukuta wa kwanza ulianguka. Mke wa Leonardi alikuwa akitoa masufuria, analia.

Angela akasimama. "Inatosha. Nirudishe, dagaa wangu wako juani."

"Mama, hiki tumekingoja miaka yote."

"Umekingoja wewe, mwanangu."

Regina akamsindikiza mama hadi barabarani, akampandisha gari la Kibirizi. Kisha akarudi, akakaa kwenye kile kiti peke yake, mpaka tofali la mwisho lilipoanguka.