Chupa ya Owuor kwenye Stoo ya Viazi

Mume wangu Owuor ana chupa moja ya mvinyo mwekundu ambayo nimeionea wivu kama mke mwenza. Mimi Akeyo sifichi. Alipewa na mgeni mmoja mzee katika hoteli anayofanyia kazi hapa Nakuru, kwa jinsi alivyomchagulia vinywaji wiki nzima. Ilitoka Chile, zabibu za aina tatu zilizochanganywa, mavuno ya 2012. Mzee akamwambia, "Usiifungue kabla ya miaka kumi."

Miaka kumi! Yawa, mimba ya mtoto wetu Cate ilikuwa miezi tisa tu na niliona haiishi.

Mwanzoni niliisimamisha kwenye kabati la kioo sebuleni, juu ya kitambaa nilichofuma mwenyewe, wageni waione. Jua la saa tisa likawa linaipiga, inang'aa vizuri. Owuor alipotoka kazini akashika kichwa. "Mama Cate, unaipika! Hii hulazwa ubavu, gizani, kwenye baridi, kizibo kisikauke." Nikamuuliza kama tuinunulie na blanketi. Hatukusemezana hadi kesho yake.

Ndipo akaipeleka Kuresoi kwa rafiki yangu Jepleting, anayeniletea viazi ninavyouza hapa Free Area. Stoo yake haina dirisha, na baridi ya kule si ya kuulizia. Kila Desemba Owuor alienda kuitazama, kama mzazi wa mtoto aliye bwenini. Akirudi ananisomea somo huku nikichambua sukuma: ikiwa changa ni kali, inakaza ulimi kama chai ya rangi iliyochemka mno, ikikaa, ukali unalainika, uzambarau unageuka rangi ya tofali, na harufu ya matunda inapisha harufu ya tumbaku, ngozi na mbao. Tumbaku, ngozi, mbao. Niliyakariri kuliko Zaburi.

Halafu 2021 Corona ikampata. Alipona yeye, pua haikupona. Mtu aliyekuwa akinusa glasi na kukuambia mvinyo una miaka mingapi, sasa hakutofautisha harufu ya sabuni na ya dagaa wa omena. Hotelini wakamhamishia stoo, kubeba kreti. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Asubuhi moja nilimkuta amefungua mkebe wa kahawa, ameinamisha uso ndani, ananusa, ananusa tena, kisha akaufunika taratibu. Nilienda kulilia bafuni.

Mwaka huu akaanza kusema anasikia harufu kidogo: mafuta ya taa, kitunguu. Meneja wake, Muturi, akamwambia, "Njoo Jumatatu nikujaribu. Ukiweza, utarudi kwenye mvinyo uwafundishe wenzako." Owuor akaniambia chupa itafunguliwa kabla ya siku hiyo. Akishindwa kuisikia ile, basi hataenda kujiaibisha. Atabeba kreti mpaka astaafu.

Jumamosi Jepleting akaileta, ameifunga kwa leso, uso wote tabasamu. "Baba Cate, nimekusaidia. Ile kitu nzito ya ndani ilikuwa imeganda upande mmoja, nikaitikisa vizuri sana, kama mursik."

Kwao maziwa ya kibuyu hayamiminwi bila kutikiswa. Hiyo ndiyo heshima ya mgeni. Lakini mashapo ya mvinyo huachwa yatulie, mtu amimine polepole, yabaki chini. Owuor alikaa kitini kama aliyepigwa. Nikajua leo Jepleting atafokewa. Kumbe mwanamume akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaisimamisha chupa kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa changu, akafunga pazia.

"Itulie hadi kesho," akasema.

"Si nilikuambia mahali pake ni hapo?" nikamjibu.

Jumapili tulitoka kanisani, nikabandika maharagwe, tukaketi watu watatu, Jepleting akiwa amelala kwetu. Kizibo kilikatika nusu, akakitoa kwa subira. Akamimina polepole. Pembeni mwa glasi rangi ilikuwa ya tofali kweli. Akaingiza pua, akafumba macho.

"Tumbaku," akasema. "Ngozi. Mbao."

Jepleting akapiga makofi. Mimi sikupiga. Maneno hayo hata mimi ningeyasema nikiwa na mafua! Nilimtazama nikaogopa, maana Owuor ni mtu wa kunificha uchungu nisihuzunike.

"Baba Cate, niambie ukweli. Unasikia, ama unakumbuka?"

Akanusa tena, muda mrefu. Akakunja uso, akaiweka glasi mezani.

"Kuna kitu kimeungua," akasema.

Nikaliona lile jua la saa tisa, nikaona ni mimi niliyeiharibu miaka yote hiyo iliyopita. "Mvinyo umeungua?"

"Mvinyo uko sawa kabisa. Ni maharagwe yako, Mama Cate."

Mimi mwenye pua nzima sikuwa nimesikia lolote. Nikakimbia jikoni. Maharagwe yalikuwa yameshika chini, moshi ndio kwanza unaanza kutoka. Nikasimama pale na mwiko mkononi, nalia na kucheka, huku Jepleting akiuliza kutoka sebuleni sasa tutakula nini.

Gesi nilichelewa kuizima. Nilitaka aendelee kusikia.