Nani Apige Kwanza

Sijawahi kuwa mpenzi wa gitaa. Nasema hivi mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba wadogo zangu wawili walikuwa wapiga solo, mmoja Migori na mwingine Homa Bay, hudhani nyumba yetu pale Uriri ilijaa raha. Haikujaa raha. Ilijaa moshi wa tumbaku, na kelele za wanaume wawili wazima wakigombania kitu ambacho huwezi kukishika, kukipima wala kukifungia ndani ya nyumba.

Kitu chenyewe kilikuwa kifungu cha gitaa. Anayejua benga, muziki wetu wa gitaa, anajua kwamba mwimbaji akishamaliza maneno yake hunyamaza, gitaa la solo likashika usukani, likarudia kifungu kimoja kifupi tena na tena mpaka wachezaji wakalowa jasho. Maneno ya wimbo watu huyasahau wakifika langoni. Kifungu huenda nacho nyumbani, na kesho yake utawasikia wakikipiga mluzi huku wanakama ng'ombe. Kwa mpiga solo, kifungu kizuri ndicho jina lake. Hilo nilielewa baadaye sana, na mpaka leo silipendi.

Baba alifariki nikiwa darasa la saba, na mama akamfuata kabla nyasi hazijaota kaburini. Ndugu wa baba walikuja na mpango wao tayari: wa pili aende kwa huyu, kitinda mimba aende kwa yule, mimi nitafutiwe kazi ya kuchunga. Walikuwa wanatugawana kama kuku wa marehemu. Nikawaambia hapana. Mtoto wa darasa la saba hana sauti mbele ya wazee, lakini nilikuwa mtoto wa kwanza, na nikasema nitaacha shule, nitalima, na boma la baba halitavunjika. Niliacha shule. Nililima. Tulikula muhogo na dagaa wa omena mpaka tukachukia harufu ya vyote viwili, lakini tulikula tukiwa watatu, kwenye sufuria moja. Sikuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani.

Basi katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa nane, nilikuwa kwenye banda la kukaushia tumbaku, nachochea moto. Kazi hiyo haitaki mchezo: moto ukishuka jani linaharibika, ukipanda sana linaungua. Redio ndogo ilikuwa inaimba pembeni. Mtangazaji akasema sasa tunasikiliza kanda mpya kutoka kwa vijana wa Homa Bay, na nikasikia gitaa la mdogo wangu wa mwisho. Nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga, nikaongeza sauti mpaka betri zikaanza kulia.

Kesho yake asubuhi, yule wa pili alifika kutoka Migori kwa baiskeli, miwani nyeusi usoni, vumbi mpaka masikioni. Hakunisalimu.

"Umemsikia mwizi wako?"

"Mwizi gani?"

"Huyo uliyemlea kwa maziwa."

"Nilimlea kwa uji. Maziwa yangetoka wapi?"

"Kile kifungu ni changu! Nilikitunga hapa hapa, nimekaa juu ya yale magunia. Wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo nikikwambia uweke kuni."

Akazunguka banda mara kadhaa akipiga kifungu hewani kwa vidole, nione kwamba vidole vinakijua. Nikamuuliza kwa nini hakukirekodi muda wote huo. Akasema alikuwa anakiivisha.

"Basi mwenzako amekula kibichi," nikasema.

Sikupaswa kusema hivyo. Alivua miwani, na macho yake yalikuwa mekundu, si kwa vumbi. Akaniambia bendi yake ilikuwa inamngojea aingie studio na kifungu hicho, na sasa akikipiga Migori watu watasema ameiga mtoto. Kisha akasema kwamba hawezi kukaa boma moja na mwizi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa anakitamani kipande chake cha shamba, kile cha upande wa mto. Angemuuzia, ahamie mjini, na sisi tubaki na boma letu. Akapanda baiskeli akaondoka.

Nilibaki nimeshika mti wa kuchochea moto. Wazee wa ukoo walishindwa kutugawanya, njaa ilishindwa, halafu gitaa lije lifaulu?

Nilimwachia jirani ule moto, nikamsihi kama mtu anayeacha mgonjwa, nikaenda Homa Bay. Nilipitia Rangwe kwa shangazi, dada ya baba, nikidhani atanipa neno la kuwapatanisha. Shangazi ni Msabato wa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nimpigie mluzi kile kifungu, kisha akaweka mikono kiunoni.

"Nyathina, mwanangu, huo ni wimbo wa kanisa! Wameukimbiza tu. Wameuvua viatu wakaupeleka baa. Wote wawili ni wezi, na wamemwibia Mungu."

"Shangazi, nifanye nini?"

"Watubu."

Nikamshukuru kwa chai.

Kitinda mimba nilimkuta nyuma ya baa waliyokuwa wakipiga, karibu na ziwa, anafua shati lake la jukwaani. Alinikumbatia kwa mikono ya povu. Nilipotaja habari ya wizi alicheka.

"Omera, kaka yangu, sikuiba. Nilikopa."

"Cha kukopa hurudishwa."

"Nitakirudishaje? Nikipige kuanzia mwisho?"

"Ulimwomba?"

"Ndugu anaombwa? Nikivaa shati lako nakuomba?"

"Ndiyo! Kila siku nakwambia uombe!"

Akaniketisha, akaleta gitaa. Akasema wa pili naye hakukitoa mbinguni. Alikisikia kwa mpiga gitaa mmoja Mtanzania aliyekuwa akivuka mpaka kuja kupiga siku za soko, naye yule, ukimsikiliza vizuri, alikuwa amelala na santuri za Wakongo. Akanipigia hivi, akanipigia vile, akiniuliza kila mara, "Unasikia tofauti? Hapa mimi naanzia juu. Yeye anaanzia chini." Mimi sikusikia tofauti yoyote. Nilisikia tumbaku yangu ikiharibika Uriri.

"Kila mpiga gitaa anakula kwa mwenzake," akasema. "Kama ni wizi, hakuna bendi kando ya hili ziwa isiyo na mwizi."

"Sikuulizi habari za ziwa. Wa pili anauza shamba."

Hapo ndipo alipoacha kucheka. Akaliweka gitaa chini, akaendelea kufua kola ya shati ambayo ilikuwa imekwisha kuwa safi.

Nilimrudisha nyumbani. Mvua za vuli, ambazo kwetu huwahi, zilikuwa zimeanza, ardhi imelainika, na kwa vyovyote vile ilitubidi tupande. Kwetu kupanda kuna utaratibu. Wazazi wakishaondoka, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetia mbegu ya kwanza ardhini, kisha wa pili, kisha wanaofuata. Mdogo hamruki mkubwa, si katika kupanda, si katika kujenga nyumba. Akimruka, ni mwiko, na watu watahesabu kila homa na kila kuku aliyekufa wakikuonyesha kidole. Nilimtumia wa pili habari kwamba sitatia jembe mpaka afike, nikijua hataki majirani wamlaumu kwa shamba la kaka yake kukaa tupu.

Alifika, lakini hakushika jembe. Alisimama uani, gitaa mgongoni, akatoa hotuba.

"Huyu ameniruka. Amepanda kabla yangu. Mkubwa akiwa hajatoa mbegu, mdogo anatoa wapi? Sitatia mkono kwenye shamba hili."

Nilidhani anatania. Ni yeye huyu aliyewahi kuniambia kwamba mila ni za watu wasio na redio.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mila hiyo ni ya mahindi!"

"Mila ni mila."

"Ni gitaa! Tangu lini gitaa likapandwa?"

"Kifungu ni mbegu. Ukikitoa kimetoka."

Nikamgeukia kitinda mimba anisaidie, nikamkuta ameinua kidole kama mwanafunzi.

"Sawa," akasema. "Tufuate mila, lakini tuifuate yote. Mimi nimemruka yeye, nakubali. Lakini hata angerekodi yeye kwanza, angekuwa amemruka mkubwa. Wa kwanza hapa ni nani?"

Wote wawili wakaniangalia.

"Mimi sipigi gitaa," nikasema.

"Utajifunza."

Wa pili alilishusha gitaa mgongoni. Kwa hotuba yake alikuwa ameijenga nyumba mwenyewe, sasa mlango umemfungia ndani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemezeshwa dawa, kwamba ni kweli. Mkubwa apige kwanza, kisha yeye, kisha mdogo, na jambo liishe.

Sasa fikiria mtu mzima, ana shamba lenye maji, ana mbegu kwenye debe, anaketishwa uani kujifunza benga. Vidole vyangu vilikuwa vigumu kama kuni na vimeganda utomvu mweusi wa tumbaku ambao hautoki kwa sabuni wala mchanga. Nikigusa waya, unanata. Wa pili alinishika mkono wa kushoto, kitinda mimba akanishika wa kulia, wakanielekeza kama ng'ombe anayefundishwa jembe.

"Hapana, kidole kingine!"

"Hicho ndicho nilichonacho!"

"Usimwanzishe juu, mwanzishe chini."

"Akianzia chini hatafika, muone anavyobonyeza."

"Mwache aruke hiyo ya katikati."

"Ukiiruka hiyo si kifungu tena!"

"Kwake ni kifungu. Mwangalie, anakufa."

Jasho lilinitoka. Mvua ikanyunya, tukahamia chini ya ukingo wa paa, wakaendelea. Kuna wakati niligundua kwamba walikuwa wameacha kugombana wao kwa wao na kuanza kugombana na mimi, wakiwa upande mmoja. Hilo liliniudhi zaidi ya yote. Mwishowe nikakipiga, kutoka mwanzo hadi mwisho, kikichechemea, noti ya katikati haimo. Sauti yake ilikuwa kama mbuzi anayepanda ngazi. Kuku waliondoka.

Hakuna aliyepiga makofi. Wa pili alisema, "Lete hapa," akaninyang'anya gitaa haraka, kama mtu anayeokoa mtoto majini. Akakipiga. Nami, nisiyependa gitaa, nilisogea karibu, kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vimetoka tu kushindwa na kile ambacho vyake vilikuwa vinafanya bila kuangalia. Alikipiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kitinda mimba alisubiri, mikono magotini. Nilimwangalia wa pili. Angeweza kulirudisha gitaa mgongoni, apande baiskeli, amtafute yule mfanyabiashara. Nililiona wazo hilo likipita usoni mwake.

Kisha akamnyooshea mdogo wake lile gitaa, bila kumtazama.

"Shika. Na uanzie chini."

"Mimi huanzia juu."

"Najua. Ndiyo maana ni kibovu."

Kitinda mimba akakipiga, kisha tukaenda shambani. Nikatia mbegu ya kwanza, wa pili akafuata, kitinda mimba nyuma yake na debe. Kabla hatujamaliza mstari wa kwanza walikuwa wameanza tena: nani alimsikia Mtanzania kwanza, kuchukua kwa mgeni ni kuiba au ni kujifunza, na kama kukopa kwa ndugu kunahitaji ruhusa. Wa pili alikuwa anachimba huku ameangalia nyuma, akihesabu hoja zake kwa mkono ulioshika jembe. Niliwaambia wanyamaze wote wawili, mstari umepinda, na warudi mwanzo wachimbe upya.

Walirudi mwanzo, wakabishana njia nzima.