Barua ya njia ya baiskeli niliiandika mimi, lakini anayehojiwa ni Mama Véro

Admin, naomba ufiche jina langu na picha yangu, maana hata watu wa biro yetu wanasoma ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tano, niko hapa Kalemie, ni karani katika ofisi moja ya serikali. Bado sijapewa namba ya matrikule, ile ya kuandikishwa rasmi serikalini, kwa hiyo naweza kuondolewa kwa neno moja tu. Kwetu hakuna mwingine aliyewahi kupata kazi ya biro.

Kaka yangu anashusha makala, yaani mkaa, mjini kwa baiskeli, magunia mawili au matatu kwa mara moja, na breki yake mara nyingi ni kiatu. Jumapili baada ya misa yeye na wenzake huacha magunia nyumbani na kushuka mlima kwa ajili ya kushuka tu. Zamani niliona ni ujinga. Siku nilipomwona akipita juu ya mizizi na mawe bila kugusa chini kwa mguu, nilisahau hata kuogopa. Shida ni kwamba wanashukia barabara ileile ya pikipiki na ya akina mama wanaotoka sokoni. Miezi miwili iliyopita alimkwepa mama mwenye beseni la ndakala, wale dagaa wa ziwani, kichwani, akaingia mtaroni, akavunjika mfupa wa bega. Ndakala zote zilimwagika. Yule mama alimsimamia pale mtaroni akamwambia, "Leo umechagua mutaro. Kesho utanichagua miye."

Maneno hayo kaka hakuyasahau. Juu ya mji kuna bustani ya umma yenye mikaratusi, ambayo siku hizi inatumiwa na mbuzi tu. Upande mmoja una mteremko mkali usio na nyumba wala njia ya watu, na chini yake kuna uwanja tambarare. Alinipeleka huko, mkono umefungwa shingoni, akanionyesha watakapopinda, watakapoinua ukingo wa udongo, na mahali pa kusimamia.

"Hatuombi kitu," aliniambia. "Majembe tuko nayo. Tunaomba karatasi tu, polisi isitufukuze. Na weye njo muntu wa karatasi."

Nikawaandikia ombi kwa Kifaransa, la kupeleka ofisini kwetu. Nilieleza kwamba watachimba wenyewe, watamweka mtu wa kuzuia watoto wasivuke njia, na barabara itabaki kwa akina mama. Sijawahi kuandika barua niliyoiamini kama ile. Vijana wote walitia sahihi. Jina langu sikuliweka, kwa sababu karani haruhusiwi kupeleka ombi katika ofisi yake mwenyewe.

Sasa kosa langu. Katika biro yetu hakuna anayeanza barua kwenye ukurasa mtupu. Unafungua barua ya zamani kwenye kompyuta, unafuta maneno, unaandika yako, kwa sababu mpangilio uko tayari. Mimi nilifungua barua ya mama ninayefanya naye kazi chumba kimoja, nitamwita Mama Véro. Ni mjane, amebakiza muda mfupi astaafu. Nilifuta kila kitu, isipokuwa alama yake. Kila karani huweka herufi za jina lake chini kabisa, ndogo, ili ijulikane nani alipiga barua. Sikuziona. Ombi la vijana likafika ofisini likiwa na alama ya Mama Véro.

Papa Chef, mkuu wa biro yetu, alituita sote wawili.

"Hii Kifaransa haiko ya wabeba makala," alisema. "Hii njo Kifaransa ya hapa." Akaweka kidole chini ya karatasi.

Mama Véro alivaa miwani, akasoma polepole. "Papa Chef, alama njo yangu, lakini barua haiko yangu. Miye na baiskeli, wapi na wapi? Hata pikipiki nikipanda nafunga macho."

"Basi ilijiandika?"

"Kama ilijiandika, Papa, uipatie kazi. Biro yetu inakosa watu."

Papa Chef hakucheka. Alisema ombi lenyewe si baya, mteremko ule hauna kazi, na angelipeleka juu. Lakini hawezi kupeleka barua iliyopikwa na mtu wa biro yake. Akalifungia kwenye droo mpaka ajue nani aliliandika, akampa Mama Véro karatasi ya kumtaka ajieleze kwa maandishi. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo.

Nilipomweleza kaka, alinijibu, "Ukisema, barua imekufa na kazi yako imekufa. Mama atakataa tu, itapita." Haitapita. Alama ni yake, na doa kwenye dosie, faili lake la kazi, wakati wa kustaafu linaweza kumharibia kila kitu. Lakini nikisema, vijana watarudishiwa ombi lao, na Jumapili watashuka barabarani kama kawaida. Bega la kaka linakaribia kupona. Ameshaanza kutengeneza gurudumu.

Jana wakati wa kutoka, Mama Véro alikuja kwenye meza yangu na karanga kwenye karatasi. Akaziweka mbele yangu, na pembeni akaweka ile karatasi ya Papa Chef.

"Mutoto yangu, weye unajua Kifaransa kunipita. Uniandikie majibu. Useme tu kama sijui kitu. Mu hii biro yote nakuamini weye peke yako."

Nikaitikia, "Ndiyo, Mama." Nikazila karanga zake.

Anataka majibu Jumatatu asubuhi. Tangu jana nimeandika tarehe na jina la Papa Chef, mkono ukakwama hapo. Silali, sili, na mtu wa kumwambia sina. Ninyi mnaosoma, hasa mliofanya kazi za biro, nishaurini kabla ya Jumatatu: nimwandikie Mama Véro majibu yake, au niandike ya kwangu?