Yassung na Njia Mbili za Wafu

Mudang Tajo alipoangukiwa na msonobari aliokuwa akiukata mwenyewe, watu wa kijiji cha Hong walimlilia mara mbili: kwanza kwa kuwa amekufa, pili kwa kuwa amekufa vibaya. Anayekufa kwa maradhi au uzee huenda Neli, akawakuta wazee wake, akaendelea kulima na kufuga. Lakini aliyeuawa na mti, au maji, au mkuki, huishia Talimoko, na wa Neli hawafiki huko.

Mkewe Yassung hakulia mbele za watu. Alimsikiliza Hage Kobing, kuhani na rafiki wa marehemu tangu utotoni, akiimba kumwelekeza Tajo kwenye njia ile nyingine, kisha akaingia ndani kumnyonyesha binti yao, Rinyo.

Hakuolewa tena. Wachumba walikuja, wakanyweshwa pombe ya mchele, wakaondoka wametosheka na pombe tu. Alipalilia mashamba ya mpunga mpaka mgongo ukapinda, akamlea Rinyo, akamwoza kijiji jirani. Alikuwa na desturi moja tu iliyowashangaza majirani: mara kwa mara aliingia msitu wa misonobari peke yake, bila panga wala kikapu, akakaa chini ya miti mikubwa siku zenye upepo mkali.

Kiangazi kimoja akaanguka juu ya tuta la jaruba. Homa ikampanda, akakataa chakula, akakataa hata maji. Rinyo akarudi mbio kumwuguza, na Kobing akaitwa. Kuhani akachinja kuku, akageuza ini lake kwenye mwanga wa mlango, akalitazama muda mrefu.

"Pepo gani amemshika, Baba Kobing?" Rinyo aliuliza. "Wa majini? Sema anataka nini, tumpe. Hata ng'ombe nitatafuta."

"Ng'ombe utampa nani, mwanangu? Roho ya mama yako haikuibwa. Imekwenda yenyewe."

"Wapi?"

Kobing alisogea karibu na moto, alipolala mgonjwa. "Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia. Usinipigie kelele, sijawa kiziwi."

"Ulikuwa unatafuta nini msituni miaka yote hii?"

Yassung alifumba macho. "Mti," alisema. "Miti yote ya bonde hili, hata mmoja usiniangukie! Nikifa hapa kitandani utanipeleka Neli, kwa mama mkwe. Nikafanye nini kule? Mume wangu hayupo."

Rinyo akaziba mdomo kwa kiganja. Miaka yote alidhani mama yake anakwenda kulia.

Kobing akavaa joho lake, akaketi barazani, akaanza kuimba. Aliimba asubuhi ile mpaka jua likaegemea vilima, akitaja mito na vilima vya safari ya wafu kimoja kimoja, jasho likimtiririka. Mwishowe akanyamaza, akarudi ndani sauti imemkauka.

"Nimemwona," alisema.

Yassung alijiinua kwa kiwiko. "Anasemaje?"

"Anasema hajakuita. Anasema mwanamke gani huyu anaacha palizi katikati, magugu yameufikia mpunga kiunoni. Halafu pombe yako, anasema, bado chungu."

Mgonjwa alitoa sauti ambayo Rinyo hakuitambua mara moja, maana kilio na kicheko vilikuwa vimeshikana. Tajo alikuwa akimtania hivyo hivyo kila jioni, huku anakinga kikombe aongezwe.

"Kasema yeye, au umesema wewe?"

"Mimi ni mdomo tu, shemeji. Maneno yana wenyewe."

Alimkazia macho Kobing, naye hakuyakwepa. Kisha Yassung akamgeukia binti yake. "Niletee uji. Mwepesi."

Alipona. Hakuonekana tena msituni siku za upepo. Aliishi kuwaona wajukuu, akawafundisha kupalilia, akawagombeza kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Uzee ukamchukua polepole, kitandani, mkono wake ukiwa katika mkono wa Rinyo. Kifo chema, kila mtu alisema.

Kobing mwenyewe alikuwa mzee wa kushikwa mkono, lakini hakukubali kuhani mwingine amwimbie. Aliimba akimtembeza Yassung kwenye njia ya Neli. Alipofika inapoachana na njia ya Talimoko, akanyamaza. Ukimya ukawa mrefu, waombolezaji wakatazamana, wengine wakadhani kasahau. Kisha akamaliza wimbo kwa sauti ndogo.

Baada ya maziko Rinyo alimfuata. "Baba Kobing, umempeleka wapi mama?"

"Nimemfikisha njia panda," mzee alisema. "Pale akanishukuru. Akaniambia nirudi, kwamba palipobaki anapajua."

Rinyo akamshika mkono, wakashuka pamoja kuelekea nyumbani.