Tuta la Mbegu za Usingizi

Tangu tuhamishwe kutoka mlimani tukaletwa kijiji kipya, huku Makere, mama yangu hakupata usingizi. Kaburi la mdogo wangu lilibaki kule, na kila jua likizama moyo ulimwenda mbio. Alikonda hadi kanga ikawa inamzunguka mara mbili. Niliogopa nitamzika na yeye.

Nikaenda hospitali Kasulu, kwa daktari wa Kichina. Alinisikiliza kupitia mkalimani, akanifungia mbegu kwenye karatasi: bapa, za hudhurungi, zinang'aa kuliko maharage. Ni mbegu za tunda la kwao, jamii ya kunazi. Zimeshakaangwa, akasema, nizitwange, nizichemshe, mama anywe jioni.

Nikampa mama karatasi na maelekezo ya kutwanga na kuchemsha, nikaenda kuchota maji. Narudi, nakuta karatasi tupu na mama ana udongo hadi kwenye viwiko. Kazipanda! Nyuma ya jiko, kwenye tuta safi, kalifunika kwa majani ya mgomba.

"Mama! Dawa inapandwa?"

"Usinipigie kelele. Mbegu nzuri hivi nizile zote? Huyo Mchina kesho keshokutwa anarudi kwao. Na jirani yetu, aliyekimbia Burundi na wanawe wawili, yeye analala? Zikizaa, tutalala wote."

Mimi na hasira zangu, nikafungua kinywa nimwambie kuwa zimekaangwa, hazioti ng'o. Nikamtazama. Tangu tuhame, hakuwa amepanda kitu chochote hapa, hata shina moja la boga. Nikamuuliza tu kama amebakiza hata chache.

Akafungua pindo la kanga. Alikuwa amebakiza kiganja kimoja, akiba, endapo panya watazifukua zile nyingine. Nikaziomba hizo, nikazitwanga, nikachemsha. Akanywa amekunja uso.

"Kesho usisahau kumwagilia," akaniambia akijilaza.

"Sitasahau, mama."

Akalala. Sijui ni dawa au ni uchovu wa jembe, lakini mama yangu alilala, tena akakoroma, na mimi nikalia kwa furaha pale pale kwenye mkeka.

Asubuhi jua lilipanda, bado amelala. Nikachukua kata ya maji, nikatoka kwa kunyata, nikaenda kumwagilia tuta nililojua halitaotesha kitu.